Anza na Mboga, Ugali Ufuate: Kupanga Protini, Mafuta na Wanga Ukitaka Kupungua

Tangu sketi zianze kunilegea, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Dada, umeacha ugali?" Naulizwa sokoni Mwanjelwa hapa Mbeya, naulizwa kanisani, na shangazi yangu wa Makambako aliniuliza kwenye simu kabla hatujamaliza salamu. Sijaacha. Niliwahi kuacha, siku kumi na moja kamili, na nitaeleza mbele kwa nini hazikufika kumi na mbili. Nilichofanya baadaye, kilichonitoa kilo 82 hadi 71 kwa muda wa mwaka na miezi kadhaa, ni kugeuza namna ya kupanga chakula. Nahesabu mboga kwanza, mafuta yanafuata, ugali unachukua nafasi iliyobaki.

Huku kwetu neno "mboga" si majani peke yake. Nyama ni mboga, maharage ni mboga, usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, ni mboga. Mtu akikuuliza umekula nini unajibu "ugali", ndipo anauliza, "kwa mboga gani?" Mpangilio wa maswali hayo ndio mpangilio wa sahani zetu: mlima wa ugali, na mboga ya kuchovyea. Mwongozo huu unaugeuza mpangilio huo, basi.

Kabla hujaanza, angalia kama wewe ni kati ya wasiotakiwa kuufuata peke yao. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge kama glibenklamidi akipunguza wanga ghafla sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Dozi hupangwa upya na daktari kwanza. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila kuambiwa. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto hawamo. Na kama unapungua bila kujaribu, hasa ukiwa na kikohozi au jasho la usiku, nenda hospitali.

Kuhusu ule uwiano unaotafutwa na kila mtu

Watu wanataka namba: asilimia 40 wanga, 30 protini, 30 mafuta. Wanaitafuta kama namba ya simu, kwamba ukikosea tarakimu moja haitaita. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa mwaka mzima katika makundi mawili. Kundi moja lilipunguza mafuta, lingine wanga. La kwanza lilipungua wastani wa kilo 5.3, la pili kilo 6.0, tofauti ndogo isiyotosha kumtangaza mshindi. Ila ndani ya kila kundi walikuwemo waliopungua zaidi ya kilo 20, na walikuwemo walioongezeka. Mimi hapo ndipo nilipopata somo: njia zote mbili zinafanya kazi kwa anayeweza kukaa nayo, na hakuna inayofanya kazi kwa aliyeiacha.

Nguvu inayotoka kwenye chakula hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga ina kalori 4. Ya protini nayo 4. Ya mafuta 9. Pombe, ambayo wengi hawaihesabu, ina 7. Namba hizo nne zikae kichwani, maana hesabu zote za hapa chini zinatoka kwao.

Sasa zile siku kumi na moja. Nilikata ugali, wali, viazi, ndizi, kila kitu. Siku ya kumi mzani ulisema nimepungua kilo tatu na nusu, nikawatangazia watu wa ofisini. Sikujua kwamba mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika, maji yanaenda chooni, na mzani unakupongeza kwa kukojoa. Siku ya kumi na moja tulikuwa msibani Tukuyu. Mvua, baridi, sinia la ndizi na nyama limewekwa mbele ya watu sita, wote wananitazama kwa nini sinyooshi mkono. Nilinyoosha. Wiki moja baadaye zile kilo zilikuwa zimerudi karibu zote, na mimi nikajiona sina msimamo. Kumbe msimamo ulikuwepo. Mpango ndio haukuwa wa mtu anayeishi Mbeya.

Hatua ya kwanza: jua kiasi kabla ya mgawanyo

Mgawanyo mzuri wa chakula kingi kupita kiasi bado unanenepesha. Anza kwa kujua mwili wako unatumia kiasi gani. Kuna kanuni inayotumika sana na wataalamu wa lishe, na inahitaji kalamu tu: zidisha uzito wako wa kilo kwa 10, jumlisha urefu wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, kisha toa umri uliozidishwa kwa 5. Mwanamke anatoa tena 161. Mwanamume anajumlisha 5.

Mimi nilikuwa na kilo 82, sentimita 160, miaka 38. Nikapata 820 jumlisha 1,000 toa 190 toa 161, yaani kalori 1,469. Hizo ni za kuishi tu, kama mtu aliyelala siku nzima. Kwa mtu wa kazi ya kukaa anayetembea kidogo, zidisha kwa 1.375, nikapata kama 2,020. Anayelima kwa jembe au kubeba mizigo stendi anazidisha kwa 1.7 hivi, na ndiyo maana huwezi kunakili sahani ya kaka yako aliyeko shamba kule Mbozi.

Kutoka hapo kata kalori 400 hadi 500. Nikabaki na 1,600. Usikate zaidi ya hapo kwa haraka ya harusi. Punguzo la kiasi hicho linakupa karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni, halafu kasi inapungua.

Kuhusu kupima: mzani uwekwe kwenye sakafu ya saruji, si juu ya zulia. Jipime asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai, mara tatu kwa wiki, uandike wastani. Mizani ya barabarani ina faida yake, lakini Juni na Julai huku kwetu utakuwa unapima koti. Zaidi ya mzani, nunua tepu ya fundi cherehani upime kiuno usawa wa kitovu kila baada ya wiki mbili. Kuna wiki mzani haukusogea hata kidogo na tepu ikashuka sentimita moja. Bila tepu ningekata tamaa.

Hatua ya pili: weka protini, na uiweke kwanza

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, maana ndipo penye upungufu mkubwa kwenye sahani zetu. Protini inashibisha kwa muda mrefu kuliko wanga na mafuta, na unapopungua inausaidia mwili usile misuli yake. Kiasi kinachotosha kwa anayepungua ni gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Ukiwa na uzito mkubwa, tumia uzito unaoulenga, usitumie ulionao, la sivyo utaambiwa ule kuku mzima. Mimi nililenga kilo 70, nikachukua 1.3, nikapata gramu 91. Tuseme 90.

Gramu 90 za protini ni nini sokoni? Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina 8. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15. Konzi ya usipa au dagaa wakavu, gramu 30 hivi, ina kama 18. Kipande cha nyama isiyo na mafuta au kuku, kikishaiva, cha ukubwa wa kiganja bila vidole, gramu 100 hivi, kina kama 26. Hata unga wa mahindi una kidogo: gramu 120 za dona zinakupa karibu 10.

Ukitazama orodha hiyo utaona jinsi nyanda hizi zilivyojaliwa. Usipa wa Ziwa Nyasa wanafika kutoka Kyela, samaki wa Mtera wapo Iringa, maharage na njegere zinalimwa kila kona. Bado utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi, maradhi na malezi yakiwemo, lakini sahani iliyojaa mahindi na kukosa mboga ni mojawapo. Nilipolisoma jambo hilo niliitazama sufuria yangu kwa jicho lingine. Sufuria moja inaweza kumdumaza mtoto na kumnenepesha mama yake, kwa sababu ile ile.

Maharage yana ujanja wake. Ndani ya kile kikombe chenye gramu 15 za protini mna gramu 40 za wanga pia, sehemu nzuri ikiwa nyuzinyuzi. Kwa hiyo maharage yanahesabiwa mara mbili, kwenye protini na kwenye wanga. Anayekula wali maharage na kusema "nimekula protini" yuko sahihi nusu. Sisemi uyaache, maana kwa bei hakuna kinachoyashinda. Nasema yakiwa mengi sahanini, ugali au wali upungue kwa kiasi hicho.

Karanga wengi huzihesabu kwenye protini. Zinayo, ila karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na gramu 100 zina kalori zaidi ya 560. Ziweke kwenye fungu la mafuta, uzile kwa kuhesabu, si kwa kuchota mfukoni ukiwa ndani ya basi kutoka Mafinga.

Na kitimoto? Najua ninaandika nikiwa mkoa gani. Nyama ya nguruwe isiyo na mafuta ni protini kama nyingine. Ile tunayoagiza nusu kilo, imekaangwa kwenye mafuta yake na imeletwa na ndizi za kukaanga, hiyo ni sherehe. Uile kama sherehe, mara moja kwa muda fulani, na usijidanganye kwamba ndiyo protini yako ya wiki.

Usipa na dagaa waliotiwa chumvi waoshe kwa maji ya moto mara mbili, hasa kama una presha. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na dagaa wa chumvi wanaweza kuimaliza yote kwa mlo mmoja.

Hatua ya tatu: shika kijiko cha mafuta

Mafuta ndiyo yanayopotea kwenye hesabu, kwa sababu hayaonekani. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 14, kalori 120. Sasa simama jikoni utazame unavyomimina kutoka kwenye dumu. Nilipima mmimino wangu wa kawaida wa kuunga maharage ya watu wanne: vijiko saba. Yaani kalori 840 kabla kitunguu hakijaingia. Familia nzima tulikuwa tunalaumu ugali.

Kwa kalori 1,600 nilijipangia gramu 50 za mafuta kwa siku. Ukitoa yaliyomo ndani ya mayai, maziwa, nyama, usipa na dona, unabaki na kama gramu 14. Kijiko kimoja. Siku nzima. Au badala yake nusu ya parachichi la wastani, maana gramu 100 za nyama ya parachichi zina gramu 15 za mafuta. Yale maparachichi makubwa ya kienyeji ya Rungwe, moja lake linaweza kuwa na nyama ya gramu 300. Hilo ni la watu watatu.

Usiende sifuri. Vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ili zifyonzwe, na majani ya maboga yaliyochemshwa bila tone la mafuta yanakupa pungufu ya yanachoweza kutoa. Ninavyofanya mimi: napima vijiko viwili kwa sufuria ya watu wanne, nakaanga kitunguu na karoti kwa moto mdogo, vikianza kushika naongeza maji kidogo badala ya mafuta, nyanya zinaingia nafunika. Ladha inatoka kwenye kitunguu kilichoiva taratibu. Wiki ya kwanza mume wangu alisema mboga ina sura ya mgonjwa. Wiki ya tatu alinyamaza.

Watu wataniuliza kuhusu alizeti. Mafuta ya alizeti ni bora kwa moyo kuliko yale yanayoganda, nakubali, lakini kwa kalori ni yale yale. Mawese nayo yana kalori zile zile.

Hatua ya nne: wanga uchukue nafasi iliyobaki

Kalori 1,600. Toa protini 90 mara 4, ambazo ni 360. Toa mafuta 50 mara 9, ambazo ni 450. Zimebaki 790; gawa kwa 4, unapata gramu 197 za wanga. Tuseme 200. Ukitaka asilimia, imetoka wanga karibu 49, mafuta 28, protini 23. Umeona uwiano ulivyojileta wenyewe? Hatukuutafuta.

Ndani ya gramu 200 chagua wanga unaoshibisha. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walilisha watu vyakula 38 kwa kiasi cha kalori sawa, wakapima shibe. Kilichoongoza ni viazi vya kuchemsha, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Nawaambia hivyo wanaoviogopa viazi vya Njombe na Makete. Gramu 100 za kiazi kilichochemshwa zina kalori kama 87. Kiazi hicho hicho kikiwa chipsi, gramu 100 zinafika 300. Ubaya ni wa karai.

Dona na sembe zinakaribiana kalori. Dona ina nyuzinyuzi zaidi na kiini chake hakijaondolewa, kwa hiyo inashibisha zaidi na ina vitamini zaidi, lakini haikupunguzi ukiila mlima ule ule. Kikombe kimoja cha chai kilichojaa unga, kama gramu 120, kinatoa ugali wa gramu 350 hadi 400. Huo ndio ugali wangu wa siku, na naweza kuumaliza kwa mlo mmoja au kuugawa. Wali wa Kyela unanukia hadi unasahau kuhesabu. Kikombe cha wali ulioiva kina gramu 45 hivi za wanga, uwe wa nazi au mweupe, na wa nazi unaongeza mafuta juu yake.

Kabla ya kupunguza ugali hata tonge moja, tazama chai. Huku ni baridi, chai tunalima wenyewe Mufindi na Rungwe, na mgeni asiponyweshwa ananung'unika. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, ni gramu 60 za sukari, kalori 240. Kwa mtu anayetumia kalori 2,000, kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 50, na wanapendekeza nusu ya hapo. Nilishuka kijiko kimoja kila wiki mbili. Sasa nakunywa chai ya maziwa na tangawizi bila sukari kabisa, na nikipewa yenye sukari nahisi nimepewa soda.

Pombe nazo, ulanzi wakati wa masika, komoni, bia: zote ni kalori. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina gramu 20 za kilevi, kalori 140, na wanga wake ukijumlisha unafika 200. Tatu ni 600. Sina zaidi la kusema hapo.

Hatua ya tano: chagua upande wako

Hesabu niliyoonyesha ni ya katikati. Protini usiiguse, inabaki 90. Vingine unaweza kubadilishana, na hapo tabia yako ndiyo inayoamua.

Kama wewe ni mtu wa ugali, asiyelala bila tonge, shusha mafuta hadi gramu 40 upate wanga 220. Maana yake mboga za kuchemsha, usipa wa kukaushwa wenye nyanya tupu, na parachichi kwa nadra. Kama wewe ni mtu wa maparachichi, maziwa ya mgando na nyama yenye mafuta, panda hadi mafuta 75, wanga ushuke hadi 140. Hapo ugali unakuwa nusu kikombe cha unga, na viazi na ndizi zinapishana siku kwa siku. Jumla ni ile ile 1,600. Mdogo wangu wa Iringa yuko upande wa pili na anaendelea vizuri. Mimi siwezi, miguu inakuwa mizito nikipanda mlima wa kwenda nyumbani. Jaribu mmoja kwa wiki tatu kabla ya kuhukumu. Dalili ya kuwa umekosea upande ni kuwaza chakula mchana kutwa.

Hatua ya sita: iwe siku moja ya kweli

Asubuhi: viazi vya kuchemsha gramu 250, vitatu vya ukubwa wa wastani, mayai mawili ya kuchemsha, chai ya maziwa kutoka kile kikombe cha maziwa cha siku. Mchana: kikombe cha maharage, usipa konzi moja, mnafu au chainizi ijae nusu ya sahani, ugali wa nusu kikombe cha unga. Jioni: kuku au nyama kiganja kimoja, majani ya maboga tena nusu sahani, nusu nyingine ya ugali. Mafuta ya kupikia kwa siku nzima kijiko kimoja. Jumla inakuja kama kalori 1,630, protini 92, wanga 200. Ukitaka tunda, toa kiazi kimoja.

Kwa anayekula mchana kwa mama lishe, tatizo ni kuomba. Mazungumzo yetu ya kwanza yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama. Naomba ugali nusu, maharage pawa mbili na mchicha mwingi."

"Marahaba. Nusu? Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi mama, najipunguza."

"Sasa utajipunguza na hela ni ile ile?"

Hela ilikuwa ile ile. Ila upawa wa pili wa maharage aliutoa bure siku hiyo, na mimi nikaona nimefaidi kuliko wote mezani. Ombeni mchuzi ubaki sufuriani. Mafuta huelea juu, na upawa ukichota juu umechota mafuta.

Kwenye sinia la pamoja, iwe msibani au ukweni, huwezi kuja na kikombe cha kupimia. Keti upande wenye mboga. Anza na nyama na majani, tonge zako ziwe ndogo, na kunawa mikono usisubiri wote wamalize. Ukishanawa hakuna wa kukusukumia tonge.

Hatua ya saba: mzani ukikwama

Utakwama, kila mtu hukwama. Usikimbilie kubadili uwiano. Subiri wiki tatu kamili, na kwa mwanamke linganisha wiki moja na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, kwa sababu kabla ya hedhi mwili hushika maji. Ukiona bado, rudi jikoni ukapime kijiko cha mafuta upya. Mara nyingi kimerudi kuwa mmimino. Halafu hesabu vile vya kuonja: mhogo wa kukaanga wa mtoto, ukoko wa wali, karanga za jirani.

Ikiwa vyote viko sawa, fanya hesabu upya kwa uzito mpya. Nilipofika kilo 77 kanuni ile ilinipa matumizi pungufu kwa kalori 69 tu kwa siku. Hizo ni zaidi kidogo ya nusu kijiko cha mafuta. Nikakata hiyo nusu kijiko, ugali nikauacha ulivyo.